Kifuniko cha Shika Adabu

"Nilimkuta kitandani," Suleiman Mwidani alisema tena, na Inspekta Salha Chengo akajua anadanganywa.

Alijua kwa sababu maneno hayakubadilika. Mtu anayesimulia jambo aliloliona hulizunguka. Mara ataanza na mlango, mara na kelele za kuku. Huyu alikuwa na sentensi moja, ameikamata kama mtu anayekamata nguo yake isipeperuke.

"Alikuwa amelala vipi?"

"Kitandani."

"Amevaa nini?"

Suleiman aligeuka akautazama ukuta wa mahabusu.

Mkewe, Jalila, alikuwa amefariki Alhamisi asubuhi nyumbani kwao Shika Adabu, upande wa Likoni, akazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Kesho yake kaka wa marehemu, Sameer, alikuja kituoni akilia kwa hasira. Alikuwa amemshika dada yake kichwani kabla hajaoshwa, akakuta nywele zimelowa chepechepe na mto mkavu. Salha akaomba amri ya mahakama, kaburi likafukuliwa, mtaa mzima ukatazama. Daktari hakuona jeraha, wala sumu, wala maji mapafuni. Alikosa hewa, basi. Mkubwa wa Salha akamaliza kesi kwa mdomo: mume kamziba pumzi kwa mto. Kesho Suleiman asimame mbele ya hakimu kwa shtaka la kuua.

"Suleiman, nywele zake zilikuwa mbichi. Kwa nini?"

"Mke wangu amekufa, Inspekta. Mwacheni apumzike."

"Wewe ndiye utakayepumzika, tena gerezani. Unamficha nani?"

Masikio yalimwiva. Salha alikwisha kuwahoji wauaji wa kila namna. Wote walikuwa na hofu, na hofu aliijua harufu yake. Hii haikuwa hofu. Mwanamume huyu alikuwa anaona haya.

Akafunga mlango, akaondoka kwenda kumtafuta mwanamke aliyemwosha Jalila.

*

Bi Dhahabu alikuwa barazani kwake anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi Dhahabu."

"Marahaba, mwanangu. Kama waja kwa shughuli ile, kahawa nitakupa. Maneno sina."

"Ni serikali inayouliza, mama."

"Serikali na ije ioshe maiti yenyewe! Mimi nikishateremsha pazia la kuoshea, nimefunga na mdomo. Yaliyositiriwa na Mungu nije niyafunue mimi kwa sababu ya kitambulisho chako hicho?"

Salha alirudisha kitambulisho mkobani. Aliijua sheria ya mwosha maiti: aliloliona mwilini halitoki nje, hata aitwe na jaji. Akakaa kwenye jamvi, akaanza kuchambua mchele naye.

"Sikuulizi habari ya mwili," alisema baada ya muda. "Nakuuliza habari ya kazi yako. Ulipoanza, ulikuta kazi yote inakungoja, au kuna mahali palikuwa pameshaguswa?"

Vidole vya Bi Dhahabu vikasimama.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Chengo, wa Chaani."

"Chengo yule wa reli? Mbishi yule!" Bi Dhahabu aliguna, akatoa kijiwe katika mchele, akakitupa uani. "Nawe umemfuata. Haya. Sabuni si aibu ya mtu, kwa hivyo nitasema sabuni. Nilikuta povu limekauka nyuma ya masikio, na nyweleni. Mtu hajajisuza. Wallahi ukiniuliza jingine nitakumwagia mchele huu."

Salha hakuuliza jingine. Hakuna anayejipaka sabuni kitandani. Jalila alikufa akioga, na kuna mtu aliyembeba hadi kitandani kisha akasema hakumbeba. Suleiman hakuwa anaficha kitendo. Alikuwa anaficha mahali.

*

Njia ya kwenda kwa akina Mwidani inapita mbele ya uzio mweupe wa kampuni ya Hifadhi Anga. Kila mtu Shika Adabu anaukumbuka mwaka ule walipokuja. Walikuja na kofia za bure na soda baridi, wakawakalisha wazee, wakaeleza kwamba moshi wa viwanda unaharibu dunia, na kwamba wao wataukamata uchafu uliomo ndani yake, hewa ukaa, wataubeba kwa malori ya tangi kutoka Changamwe, wausukume chini ya ardhi, chini kabisa, chini ya mwamba ambao haujawahi kufunguka. Dunia itapona. Hakuna aliyeuliza kwa nini dunia ikitaka kuponywa dawa hupitishwa Likoni. Au waliuliza, wakaongezewa soda. Watu wa huku wana kumbukumbu ndefu, maana ndiyo mali pekee ambayo hakuna aliyekuja kuipima na kuizungushia waya.

Bi Mwanatabu, mama yake Suleiman, alimpokea Salha mlangoni na hakusogea.

"Naomba kuona bafu, mama."

"Bafuni hakuna cha kuona. Jalila alifia kitandani. Mwanangu hakukwambia?"

"Ameniambia mara nyingi mno."

"Basi shika moja."

Salha alisimama akafikiri. Angeweza kurudi na hati ya upekuzi na vijana wa kuvunja mlango, lakini mama huyu angekaa mbele yao kama gogo na kesho ingefika. Akaweka mkono tumboni.

"Haya, nimeshika moja. Lakini nisamehe, Bi Mwanatabu. Nazunguka tangu asubuhi. Nimeshikwa. Naomba pa kujisitiri."

Mwenyeji wa pwani anaweza kumnyima mgeni jibu, hata kiti akiamua. Choo hawezi kumnyima. Bi Mwanatabu alivuta leso hadi kwenye kidevu.

"Nenda kwa jirani," alisema kwa sauti iliyokuwa chini mno.

"Kwa jirani?"

"Sisi wenyewe twenda kwa jirani."

"Tangu lini, mama? Tangu Alhamisi?"

Bi Mwanatabu alitazama miguu yake.

"Nipe ufunguo," Salha alisema kwa upole.

Choo na bafu vilikuwa chumba kimoja, pembeni mwa uani, nusu yake kimezama ardhini. Ukifungua mlango wa bati unateremka vingazi vya saruji. Juu kulikuwa na tundu moja la hewa, nalo limesokomezwa kanga.

"Nani aliziba tundu?"

"Jalila. Hebu tazama." Bi Mwanatabu alionyesha mnara wa chuma uliosimama ndani ya uzio wa kampuni, ukiuinamia mtaa. "Mafundi wapanda pale kila uchao, macho yote uani kwetu. Mwanamke ataogaje?"

Salha alifungua mlango, akashuka kingazi kimoja, cha pili. Pumzi zikamwendea mbio bila sababu. Ulimini akasikia uchachu, kama mtu aliyebeua soda, na moyo ukaanza kugonga. Akarudi juu kinyumenyume, akasimama uani hadi kichwa kilipotulia. Kisha akawasha kiberiti, akakidondosha chini ya mlango. Moto ulizimika ungali hewani, kama umebanwa na vidole. Akawasha cha pili. Hivyo hivyo.

Chini, karibu na kigoda kilichopinduka, aliona chetezo.

"Una upembo, mama?"

Bi Mwanatabu alileta ule wa kuangulia mapapai, na Salha akakivuta chetezo kwa ndoana hadi mkononi. "Alikuwa akifukiza humu?"

"Kila akioga. Apenda nguo zake zinukie."

Makaa ndani ya chumba kilichozibwa. Salha aliwahi kuwaona watu wa familia moja wamelala safu, jiko la makaa katikati yao. Moyo ulimruka kwa furaha ambayo mara aliionea haya: ajali, si mauaji, kesi imekwisha. Akakiinamisha chetezo mwangani ili ajiridhishe.

Udi ulikuwa mzima. Kile kidonge cha udi na sukari kilikuwa juu ya makaa bila hata kuanza kuyeyuka, na makaa yenyewe yalikuwa meusi, yana majivu pembeni tu. Makaa hayakuwaka muda wa kutosha kumuua mtu. Yalizimika mwanzoni kabisa. Chetezo hakikumuua Jalila. Kilikufa pamoja naye.

Ndipo akasikia sauti kutoka chini, blu-blu-blu, kama sufuria ya maharage.

"Choo chenu kinatokota."

"Tangu baada ya Idi," Bi Mwanatabu alisema, na sasa machozi yalikuwa yanateremka. "Tulimleta mwalimu akasoma. Kikatulia, kikarudi."

"Mlimwambia nani mwingine?"

"Nimwambie nani, mwanangu, ati choo changu chachemka? Waseme tuna jini chooni? Nina binti wa kuozwa."

"Gari la kunyonya lilikuja lini mara ya mwisho?"

Kwa mara ya kwanza Bi Mwanatabu aliinua kidevu. "Gari la kunyonya halijatia gurudumu uani hapa. Choo hiki hakijai! Tangu uhai wa baba mkwe wangu hakijajaa."

"Na kila kinachoingia humo kinakwenda wapi, mama?"

Fahari ikamtoka usoni palepale. Akafunika mdomo kwa leso, na kutoka nyuma ya kitambaa akasema, "Kuna bomba. Lile la wazungu wa mafuta."

Kabla bendera ya Mwingereza haijateremshwa, wazungu wa mafuta walikuwa wamepiga kambi hapo hapo. Walichimba kwa mashine usiku na mchana, wakatoboa chini hata vyuma vikawaishia, wakayakosa mafuta, wakafungasha bila kuaga. Waliacha bomba la chuma limesimama shimoni, na bamba juu yake. Babu yake Suleiman alikuwa mtu wa akili. Aliliondoa bamba, akajenga choo.

*

Ihsan, mtaalamu wa miamba wa Hifadhi Anga, alikuja baada ya Salha kumpigia simu mara mbili. Kijana wa Kibokoni, kanzu ameiacha nyumbani, helmeti nyeupe kichwani. Aliteremsha kipimo chake kwa kamba ndani ya mlango wa bati, na kipimo kikapiga kelele kabla hakijagusa sakafu.

"Hewa ukaa," alisema. "Imejaa hadi kifuani. Nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia chini. Mtu aliyekaa kwenye kigoda..." Hakumaliza. "Lakini haiwezekani itoke kwetu. Mwamba wetu hauvuji."

"Nieleze. Na Bi Mwanatabu asikie."

"Chini sana, zaidi ya kilomita moja, kuna mchanga uliogandamana. Una vijitundu kama sponji, ndimo tunamosukuma gesi. Juu yake limelala tope la kale lililogeuka jiwe. Matundu yake ni madogo mno, gesi haipenyi. Hicho ndicho kifuniko. Na kadiri muda unavyopita ndivyo usalama unavyozidi, maana gesi huyeyuka katika maji ya chumvi ya huko chini, nyingine hatimaye hugeuka jiwe. Si maneno ya matangazo, dada. Nimekipima kwa mikono yangu."

"Nakuamini. Kwa hiyo mwamba hauna kosa."

"Hauna."

"Na mtu akikitoboa kifuniko?"

Ihsan aliutazama mlango wa bati. "Ndiyo maana kabla ya kusukuma hata pumzi moja, hutafutwa kila tundu la zamani. Gesi hutambaa chini ya kifuniko ikitafuta pa kutokea. Ikichanganyika na maji huwa kali, hula saruji, hula chuma. Tundu lisilozibwa upya ni kama chupa yenye kizibo cha karatasi."

"Na hapa mlitafuta?"

"Ramani za wale wa mafuta ziliondoka nao. Tuliwauliza wazee barazani. Tulisema wazi: kuna kisima chochote cha zamani, kirefu, kilichochimbwa kwa mashine? Wakasema hakuna."

"Wala hawakusema uongo!" Bi Mwanatabu alimgeukia. "Mwauliza kisima. Kisima ni cha maji, watu wanywa. Hiki ni choo! Mzee gani atasimama mbele ya wageni, soda mkononi, aanze kuhadithia choo cha mkewe? Na sisi tunaokiosha, nani alikuja kutuuliza?"

Ihsan alivua helmeti. Alikuwa na cheti cha ng'ambo, lakini alikuwa pia mtoto wa Mombasa, na hilo ndilo lililomchoma.

"Nilikuwapo siku ile," alisema. "Mmoja wa wazee alicheka, akamnong'oneza mwenzake. Nilijua kuna neno wamelimeza. Nikaona nikiwachimba nitawavunjia heshima. Nikasema twende."

"Jalila alikuwa na haya ya kuonekana, akaziba tundu," Salha alisema. "Wazee walikuwa na haya ya kusema. Wewe ulikuwa na haya ya kuuliza. Zimeni pampu."

"Mimi ni mpimaji tu. Nikipeleka neno la choo kutokota, watacheka, watasema ni hewa ya choo kama vyoo vyote. Wanasheria wao watataka maandishi ya polisi: amekufa kwa nini, na amekufa wapi. Mahali hasa. Kama maandishi yanasema kitandani, mimi sina kitu mkononi."

*

Saa za alasiri Salha aliketi tena mbele ya Suleiman.

"Natoka chooni kwako," alisema.

Suleiman alijikunja kana kwamba amepigwa ngumi.

"Nilimkuta ameegemea ukuta," alisema hatimaye, na sasa maneno yalitoka ovyo, yakizunguka, yakirudi, kama ya mtu aliyeona. "Niliita, hajibu. Jalila akiitwa huitika abee hata akiwa amekasirika. Nikaingia, kizunguzungu kikanishika, nikamvuta. Hana nguo. Nikamfunga kanga, haikutosha, nikampitisha uani. Na wale walikuwa juu ya mnara, Inspekta. Sijui kama walimwona. Kila nikifumba macho najiuliza kama walimwona. Nikamlaza, nikasema, hatakuwa mtu aliyefia chooni. Watu wasije wakamtaja hivyo."

Salha alijua wangemtaja. Mtu anaweza kuswali miaka yote, kulisha mayatima, kulea wazee. Akifia chooni, penye uchafu, pasipotajwa jina la Mungu, watu hutikisa kichwa na kusema kwa sauti ya chini, sijui alifanya nini huyu.

"Andika kitandani," Suleiman alisema. "Nifungwe."

"Nikiandika kitandani utafungwa, na pampu itaendelea. Mama yako sasa anakwenda choo cha jirani. Kile kimechimbwa kwenye ardhi ile ile. Na binti mnayetaka kumwoza huoga huko."

Suleiman aliinua uso.

"Na jambo jingine," Salha aliongeza, na ilimbidi ajilazimishe kumtazama. "Mimi ndiye niliyeomba kaburi lifukuliwe. Nilimwona mwanamume anaona haya, nikaandika kwamba anakwepa maswali. Nisamehe kama utaweza. Lakini mimi siwezi kuisema habari hii badala yako. Wewe ndiye uliyemtoa mle ndani. Nikiisema mimi, wanasheria wao watasema polisi wamebuni."

Suleiman alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akainuka.

Pale kaunta palikuwa na watu kama kawaida: mama aliyepoteza kitambulisho, dereva wa tuktuk anayegombana na abiria, na Sameer, aliyekuja kila siku kuketi kwenye benchi ili shemeji yake asitolewe kwa mlango wa nyuma. Sajini alivuta kalamu.

"Maelezo mapya," Salha alimwambia. "Ya shahidi, si ya mshukiwa."

Sameer akasimama. "Shahidi wa nini?"

"Mahali pa kifo?" sajini aliuliza.

Suleiman alisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

"Wapi?"

"Chooni."

Abiria wa tuktuk akanyamaza katikati ya tusi. Mama wa kitambulisho akageuza uso, kama watu wanavyogeuza uso mtu akianguka barabarani na nguo ikapanda.

"Wasemaje juu ya dada yangu?" Sameer alimsogelea, ngumi zimefungwa.

"Alifia chooni, shemeji. Akioga. Ile hewa ya kampuni ilipanda kwenye bomba ikamkuta. Mimi nilimbeba. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya Inspekta, ili asichekwe."

Sameer alibaki na mkono hewani. Kisha akashika kingo za kaunta na kuinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa mbao. Yeye ndiye aliyesimama kando ya kaburi siku ile akiwaambia wachimbaji wafanye haraka.

Sajini alikohoa. Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa Mtongwe, na kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Suleiman, ndugu yangu," alisema taratibu, "niweke msalani? Au maliwatoni. Ni yale yale, lakini yana heshima kidogo."

Suleiman alitazama watu wote waliokuwamo, mmoja mmoja, hadi wale waliogeuza nyuso wakalazimika kumgeukia.

"Andika choo," alisema. "Wakiona neno la heshima watalipita."

Sajini akaandika.